Mahindi ya Kwanza: Kupanda Amani, Kushuka Pangani

Ijumaa

Mama hana desturi ya kuniita nyumbani. Mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, hupiga simu akasalimia, akawaulizia wajukuu, kisha akasema, "Mahindi yameshakauka." Hapo ndipo ninapokata tiketi. Mahindi yenyewe ni yale yaliyopandwa mwezi wa tatu na mvua za kwanza za masika, na kwetu Muheza, mkoani Tanga, hayaliwi na waliolima peke yao. Debe moja hupanda Amani, mlimani, kwa shangazi, jingine hushuka Pangani, pwani, kwa mjomba. Mwaka huu kazi ya kuyapeleka nimepewa mimi, na nimewachukua wanangu wote wawili ili waijue njia.

Tumetoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kungali giza. Hadi Chalinze hakuna la kusimulia ila malori. Ukishaipita Msata na kuvuka Wami ndipo macho yanapopata kazi: nyasi bado mbichi, madimbwi kando ya barabara yana maji, ng'ombe wa Mkata wamenenepa. Ukipita hapo hapo Februari utakuta vumbi na vichaka vikavu. Kabuku wachuuzi wamekimbilia madirishani na machungwa ndani ya nyavu. Segera tukashika njia ya Tanga, tukavuka Mto Pangani pale Hale. Nikawaambia wanangu maji yale yanatoka Kilimanjaro na Meru, hapa Hale yanazungusha mitambo ya umeme, kisha yanaenda zake baharini, na wayaangalie vizuri kwa kuwa Alhamisi tutayakuta mwisho wa safari yake.

Muheza tumeshuka baada ya adhuhuri, tukapanda bodaboda kwa njia ya Amani hadi nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema mtokako?"

"Kwema, mama."

Hakuinuka barazani. Wajukuu ndio waliomfuata mkekani, naye akamshika mwanangu wa kiume mkono akamuuliza, "Mume wangu, umeniletea nini kutoka Dar?" Mtoto akatoa pakiti ya biskuti. Binti yangu akavutwa na babu yake upande wa pili, akaambiwa yeye ndiye mke mdogo na bado hajajua kuchuja tui, basi mke mkubwa ataendelea kupika. Walicheka hadi chakula kikaiva. Usiku tumekula bada na samaki wa nazi. Wanangu wamezoea ugali wa sembe, na bada ya muhogo huwa inawapa kazi siku ya kwanza, lakini leo sahani zimerudi tupu.

Jumamosi

Kuvunja mahindi kuna mpangilio wake, na kwetu haujabadilika tangu nikiwa mdogo. Baba hutangulia na kijiti kilichochongwa ncha: anapasua ganda, anavunja hindi, analitupa kwenye lundo, anasogea shina jingine. Kaka hufuata upande wake kwa mtindo huohuo. Wake zetu na dada zetu hukusanya na kubeba. Watoto wadogo wana kazi ya kuokota yaliyoanguka na kuimba, na wakiacha kuimba baba hugeuka kuwatazama.

Mama huchagua mbegu. Naweza kumtazama asubuhi nzima. Analishika hindi, analigeuza, anaminya ncha yake kwa kidole gumba kuona kama punje zimejaa hadi kileleni, kisha anafuata mistari kwa jicho kama imenyooka. Likimridhisha, halimenywi. Anayakunja maganda nyuma, anayafunga na ya hindi jingine, na jioni yanaangikwa kwenye mti uliopita juu ya mafiga. Moshi utayatunza hadi vuli. Mbegu yao ni Staha, ambayo si chotara, ndiyo maana wanaweza kujiwekea wenyewe na kuipanda tena. Chotara ukiirudia inadhoofika, kila msimu lazima urudi dukani.

Leo mama amechagua akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka mingine husimama, huzunguka lundo zima, huwasukuma watu pembeni. Nimeliona hilo nikanyamaza.

Mchana watoto wamepelekwa bondeni kwenye mpunga wa kaka, kuamia ndege. Huko kuna dungu la miti lililoezekwa makuti, na juu yake wamekaa na binamu zao na makombeo na makopo ya kugonga. Mpunga ukishaanza kuwa wa njano, videge huingia kwa makundi alfajiri na tena alasiri, na shamba lisilo na mtu huweza kuisha kabla mwenyewe hajaleta mundu. Ngedere nao hawana saa. Kifunguamimba wangu amerudi sauti imekauka kwa kupiga kelele, ananiambia kwa fahari kwamba upande wake hawakutua.

Jioni baba amenionyesha mifuko yake ya kinga njaa. Nje ni sandarusi, ndani mna mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Mahindi yakishakauka barabara yanamwagwa ndani, hewa inakamuliwa nje, kila mfuko unafungwa kwa kamba yake. Mdudu aliyebaki humo hukosa hewa akafa, bila dawa yoyote. Baba anaupenda ufundi huu kwa sababu ameonja mabaya ya dumuzi. Mdudu huyo aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakamwita Scania kwa jinsi anavyosomba, na kabla yake hindi liliweza kukaa darini na ganda lake hadi masika yafuatayo. Alipofika, gunia la Agosti lilikuwa unga wa vumbi Desemba. Mama husema miaka hiyo watu walikuwa wakilima vizuri na bado wanaonja njaa, na anaposema hivyo haangalii mtu.

Jumapili

Michungwa. Mwezi huu Muheza nzima inanuka machungwa, kuanzia malori yaliyopanga foleni mjini hadi maganda njiani. Valencia ndiyo mengi, na Msasa. Wachumaji wamefika shambani kwetu asubuhi na viroba vyao mabegani, wakapanda miti ya upande wa mashariki.

Nikamuuliza baba mbona huo upande hatuhesabu sisi. Akasema uliuzwa Aprili. "Shida zilikuja," akasema, akaenda kutazama ngazi.

Kuuza machungwa yakiwa machanga mtini ni jambo la kawaida hapa, na kila mtu anajua halimfai mkulima. Mchungwa unatoa maua yake mengi na mvua za vuli, tunda linakaa miezi mingi juu ya mti, na katikati ya miezi hiyo ndipo nyumba inapokuwa haina kitu: Januari ina mahitaji ya shule, Machi mbegu, Aprili palizi, na ghala limeshaisha. Dalali analijua hilo kama wewe unavyolijua. Anakuja na fedha mkononi siku ambayo huwezi kumwambia arudi kesho. Anahesabu miti, anakisia matenga, analipa, na kuanzia hapo jua, mvua na bei ni vyake. Juni anakuja na lori, mengi yanavuka mpaka kwenda Kenya, na wewe unakaa barazani unayaangalia yakipakiwa. Linaniuma jambo hili. Mti ulipandwa na babu, umepaliliwa na baba, na siku ya kuvuna mwenye shamba anaomba chungwa la kuwapa wajukuu.

Aliomba kweli. Wachumaji walimpa, tena kwa heshima, wakamjazia kikapu. Wanangu wamekula wakiwa wamekaa kivulini, bila kujua.

Jumatatu

Mvua ya mchoo, tangu alfajiri. Si ya kutisha, lakini mahindi yaliyokuwa uani yameingizwa barazani mbio, kila mtu na ungo au jamvi alilolifikia. Siku nzima ndani. Mama anasuka ukili, binti yangu anafundishwa kupokezana ukindu, na vidole vyake vimekataa hadi alasiri vilipokubali kidogo.

Nimepata nafasi ya kuangalia jinsi nyumba hii inavyoishi kwa majira. Sasa hivi kisima kiko karibu na kimejaa, kwa hiyo hakuna anayeamka kabla ya adhana. Kiangazi, Februari, kisima cha karibu hukauka, wanawake hutoka usiku wa manane kuwahi cha mbali, na nyumba nzima husinzia mchana. Kaskazi likivuma jua linawaka, muhogo unamenywa na kuanikwa juu ya bati, makopa yanatengenezwa, na bada tuliyokula Ijumaa ilianikwa wakati huo. Masika watu hawaonani: wako shambani hadi magharibi, wanarudi na matope, wanakula kimya, wanalala. Kipupwe ndicho chenye muda. Harusi nyingi huwekwa miezi hii, mashauri ya mirathi huwekwa miezi hii, hata ugomvi wa ndugu husubiri miezi hii usuluhishwe, kwa sababu kuna chakula cha kuwapa wazee watakaokuja kusuluhisha.

Jumanne

Amani. Tumepanda na debe la mahindi kwenye gari la abiria linalotoka Muheza, tukapita Kisiwani, kisha Sigi kwenye lango la hifadhi, na kuanzia hapo ni kona baada ya kona ndani ya msitu. Wanangu wamevaa masweta ambayo Dar hukaa sandukuni mwaka mzima.

Shangazi, dada yake baba, anaishi juu huku tangu alipoolewa. Ukungu ulikuwa mlangoni mwake saa sita mchana. Alipolipokea debe alilifungua palepale, akachota punje kiganjani, akazitia mdomoni na kuvunja moja kwa jino. "Yamekauka," akasema, na hiyo ndiyo shukrani yake.

Kuzunguka nyumba yake kuna iliki chini ya kivuli, mipilipili manga iliyopanda juu ya miti, karafuu na mdalasini. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia, na mingine bado imesimama. Hifadhi ya mazingira ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na mipaka yake inajulikana hata kwa mtoto. Shangazi anaiheshimu. Maji yanayochuruzika nyuma ya jiko lake huingia Mto Zigi, na Zigi ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani wanalokunywa watu wa Tanga mjini. "Nikikata huku," akasema, "mwanangu aliye Tanga anakosa maji ya kuoga."

Binti yake anachuma chai. Nilidhani watu wa huku hawana miezi migumu, maana mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Wanayo, na ni hii tuliyomo. Baridi ya Juni na Julai inazuia chai kuchipua, na mchumaji analipwa kwa kilo. Ndiyo maana debe la mahindi linakuja sasa na si Septemba. Babu yangu ndiye aliyeuanzisha utaratibu huu binti yake alipoolewa mlimani, na baba ameushika.

Tumeteremka na mkungu wa ndizi, magimbi, na fungu la mdalasini ambalo limelinukisha gari zima.

Jumatano

Kupukuchua yaliyobaki. Watu wote jamvini kuanzia asubuhi, miguu imenyooshwa, lundo katikati. Mistari ya kwanza ya punje unaitoa kwa ncha ya kisu, halafu unalisugua hindi kwa gunzi la hindi jingine, na punje zinamwagika zenyewe. Vidole vya wanangu vimepata malengelenge kabla ya saa nne. Vya mama ni vigumu tangu zamani, hindi kwake halichukui muda.

Kazi hii inaachia mdomo uhuru wake na macho yana pa kuangalia. Katika simu nyumbani kwetu jibu ni "hatujambo, tunashukuru Mungu". Ana kwa ana pia ni hivyo, kama mmekaa mkitazamana. Ila jamvini, kila mtu akitazama hindi lake, maneno yanatoka.

Nikasema, nikiendelea kusugua, "Mama, mguu huo wa kushoto huukunji."

"Goti, mwanangu. Tangu masika."

"Tangu masika lini?"

"Palizi ya kwanza nilipalilia nimeketi. Najisogeza kwa makalio, mstari hadi mstari. Ya pili nikashindwa."

Hakuna aliyesimamisha mkono. Baba akatupa gunzi, akachukua hindi jingine, akasema bila kuinua kichwa kwamba alitafuta vibarua wa palizi ya pili, akampeleka mama kwa dawa, na fedha za vibarua na dawa zilitoka kwenye michungwa ya mashariki. Basi. Kaka, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo, alikuwa anajua goti lakini hakujua fedha. Mimi Aprili nilipiga simu kila wiki, nikaambiwa mvua ni nzuri.

Mama akasema hakutaka nipoteze kazi kwa ajili ya magugu. Nikamwambia magugu si yake peke yake. Alinyamaza muda, kisha akamwambia mwanangu, "Mume wangu, unapukuchua kwa pupa, nusu ya punje umeacha kwenye gunzi." Mtoto akalirudia.

Hadi alasiri tukawa tumezungumza mengi: vuli ilime nani, bonde la mpunga litagawanywaje, mtoto wa marehemu dada atasomea wapi kidato cha kwanza. Lundo lilipungua huku linaonekana.

Alhamisi

Njia ya Muheza kwenda Pangani ni ya udongo, na inapita mkonge kwa muda mrefu kiasi kwamba wanangu waliacha kuuliza utaisha lini. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakaota mashamba haya yote. Mwaka 1964 nchi ilivuna tani zaidi ya 200,000. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kama manamba kukata mkonge huo, kutoka Kigoma, akaoa Mbondei na hakurudi. Baba anakumbuka kwamba kambini hapakuwa na majira. Mkonge hukatwa mwaka mzima, korona, mtambo wa kusindika mkonge, hulia mvua au jua, na watoto wa kambi walijua siku ya mshahara kuliko mwezi wa mavuno. Babu alipopata ekari zake za kwanza, anasema baba, alipanda mahindi kabla hajajenga nyumba.

Mjomba tulimkuta ufukweni chini ya mti wa mkungu, nyavu mapajani. Kusi limekaza, bahari imechafuka, vyombo vidogo vinashinda vimevutwa juu. Hii ni miezi ya kuunga nyavu, kuziba ngalawa na kukopa dukani. Kaskazi likirudi bahari italala, usiku wa giza dagaa watapatikana, na wake wa wavuvi watakuwa na kazi ya kuanika. Leo alikuwa na ng'onda tu, samaki wakavu wa akiba, na ndio aliotupa kubadilishana na debe letu. Aliwakalisha wanangu akawapa sindano ya nyavu na uzi, na wakati wanahangaika na fundo akanieleza, akiangalia matundu, kwamba minazi yake karibu yote imekwenda kwa ugonjwa wa kunyong'onyea: majani yanageuka njano, nazi zinapukutika changa, kilele kinaanguka, unabaki mlingoti. Anapanda mingine. Kupanda mnazi akiwa na umri wake, alisema, ni kwa ajili ya watoto wa hawa.

Kabla ya magharibi tulivuka kwa pantoni hadi Bweni na kurudi, kwa sababu niliwaahidi. Maji ya Hale yalikuwa chini yetu, mapana na ya rangi ya udongo, yanaingia baharini.

Ijumaa

Tumerudi Muheza asubuhi na ng'onda. Baada ya swala ya Ijumaa wanaume walipotoka msikitini, tukakaa barazani wote na kukubaliana kama ifuatavyo. Jumatatu kaka atampeleka mama hospitali, na safari hii apigwe picha ya goti. Mbegu zilizo juu ya mafiga zinatosha vuli, na shamba la juu litalimwa na kaka. Palizi mbili za vuli na mbili za masika nitalipia vibarua mimi, fedha zikitumwa kwa simu ya baba mwanzo wa mwezi, isiwe wakati magugu yameshapita magoti. Mama atachagua mbegu na kuamuru, jembe ameliacha. Aliupinga uamuzi huu, akaupinga tena, halafu akataka kujua vibarua watakuwa nani.

Michungwa ilichukua muda zaidi. Baba amekubali kutouza machungwa machanga mwakani, kwa sharti kwamba sare, madaftari na nauli ya mtoto wa marehemu dada tuvichange Januari sisi watoto, mbele ya mama, na si kwa ahadi. Nimekubali. Kaka amekubali pia, ila ameomba sehemu yake aitoe kwa mpunga, magunia mawili yakae ghalani kwa baba tangu Agosti hadi siku ya kuuza. Baba amemuuliza magunia ya kilo ngapi. Wameshauriana, wakaandika.